Sindano imenichoma, mgonjwa hana VVU: je, homa ya ini B?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wanaume. Siku sita zilizopita nilikuwa narudishia kifuniko kwenye sindano niliyotoka kumtolea mgonjwa damu, ikanichoma kidole cha shahada, ikapita glavu. Nilikikamua damu itoke, nikapaka spiriti. Mgonjwa alipimwa VVU akaonekana hana, nikaambiwa nitulie. Jana mwenzangu akaniuliza kuhusu homa ya ini B. Nilipata dozi mbili za chanjo nikiwa chuoni miaka minne iliyopita. Ya tatu ilinipita kwa sababu tulikuwa tumetawanywa kwenye mafunzo kwa vitendo. Je, nianze upya? Wapo wanaosema chanjo hii huisha nguvu baada ya miaka mitano, kwa hiyo hata hizo mbili ni kama sikuchanjwa. Tena mke wangu ana ujauzito wa miezi mitano. Nimemweka hatarini?

JIBU: Marahaba. Nianze na la haraka, maana muda unakuishia. Leo hii, kabla zamu haijaisha, nenda kwa anayeshughulikia ajali za kazini, au kwa daktari wa zamu kama huyo hayupo. Mwambie umechomwa na sindano yenye damu siku sita zilizopita, una dozi mbili tu za chanjo ya homa ya ini B, na mgonjwa hajapimwa HBsAg, yaani protini ya kirusi hicho inayoonyesha kwamba mtu ana maambukizi. Maneno hayo yanatosha kumwamsha kitini. Mgonjwa akiwa bado wodini aombwe ridhaa apimwe. Kipimo cha haraka hutumia tone la damu na hutoa jibu ndani ya nusu saa.

Na wewe utolewe damu ya kupima HBsAg na anti-HBc (kingamwili zinazoonyesha kwamba mtu aliwahi kuambukizwa kirusi chenyewe), halafu upewe dozi yako ya tatu. Iwe kwa utaratibu huo, damu kwanza na chanjo baadaye. Chanjo imetengenezwa kwa protini ileile ambayo kipimo cha HBsAg huitafuta, kwa hiyo ukipimwa siku chache baada ya kuchanjwa unaweza kuambiwa unayo kumbe ni ya chanjo. Nimewaona watu waliokosa usingizi kwa jambo hilo tu.

Mgonjwa akikutwa na HBsAg, au akiwa ameshaondoka na hapatikani, utahitaji pia sindano ya imunoglobulini ya homa ya ini B. Hizi ni kingamwili zilizokwisha kutengenezwa, zimevunwa kwenye damu ya watu wenye kinga, nazo hufanya kazi mara moja wakati mwili wako unajiandalia zake. Dozi ni mililita 0.06 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mtu wa kilo 70 hupata mililita 4.2, kwenye msuli, mbali na palipochomwa chanjo. Inatakiwa ndani ya saa 24 inapowezekana. Zikishapita siku saba tangu kuchomwa, hakuna ushahidi wa kutegemea kwamba inasaidia. Wewe uko siku ya sita, ndiyo maana sikuanza kwa maelezo marefu.

Vituo vingi havina imunoglobulini hiyo. Kama chenu hakina, waulize walio jirani, lakini chanjo isisubiri majibu ya simu hizo. Chanjo peke yake, ikitolewa mapema baada ya mtu kukutana na kirusi, nayo hukinga. Ushahidi mwingi wa hilo umetoka kwa watoto waliozaliwa na mama wenye maambukizi. Na ikiwa mgonjwa atakutwa hana HBsAg, dozi ya tatu uichukue hivyohivyo, maana sindano nyingine za mwaka huu hujui zitatoka kwa nani.

Sasa tukae tuzungumze.

Hili la kuambiwa utulie kwa sababu mgonjwa hana VVU ndilo linalonikera kuliko yote uliyoandika, na wala si kosa lako. Sindano ikimchoma mtumishi, wodi nzima huwaza VVU. Fomu inajazwa kwa VVU, dawa za kinga zinatafutwa kwa VVU, na jibu likitoka salama kila mtu anarudi kwenye kazi yake. Tazama hesabu. Ukichomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU asiyetumia dawa, uwezekano wa kuambukizwa ni kama 3 kati ya 1,000. Homa ya ini C ilikadiriwa kwa miaka mingi kuwa kama 2 kati ya 100, na tafiti za karibuni zimeonyesha ni chini ya hapo. Homa ya ini B, kwa mtu ambaye hana kinga, ni kati ya 6 na 30 kwa kila 100, na juu zaidi ya hapo ikiwa mgonjwa ana HBeAg, alama inayoonyesha kwamba kirusi kinazaliana kwa kasi. Kwa hiyo kilichopimwa kwa haraka ndicho kigumu kuambukiza, na kilichosahaulika ndicho chepesi.

Sababu yake iko ndani ya damu yenyewe. Mtu mwenye HBeAg anaweza kuwa na virusi mamia ya mamilioni katika mililita moja. Sindano ya kutolea damu ina tundu, na ndani ya tundu hilo hubaki damu ambayo huioni. Kiasi hicho kinatosha. Glavu hupunguza damu inayobaki juu ya sindano inapopita, lakini haiwezi kuzuia ncha isiingie.

Tena kirusi hiki ni kigumu kufa. Damu ikikauka juu ya meza, kinaweza kukaa na uwezo wake wa kuambukiza kwa siku saba au zaidi. Angalia fomu ya kuombea kipimo pale maabara, ile yenye doa dogo la kahawia kwenye pembe kwa sababu chupa ya sampuli ilivuja njiani. Karani anaipokea kwa mkono mtupu, anaandika namba, anaisogeza pembeni, kisha anajikuna mahali ngozi ilipochanika kwa sabuni na maji ya siku nzima. Hakuna sindano hapo, na jioni hana ajali ya kuripoti. Watumishi wengi walioambukizwa zamani, kabla ya chanjo, walipoulizwa walichomwa lini hawakukumbuka kuchomwa kokote. Ukurutu, mikwaruzo, tone lililorukia jicho, mashine ya kupimia sukari iliyopita mikono mingi bila kufutwa: hiyo nayo ni milango.

Wazee wa kazi hii wanakumbuka hali ilivyokuwa. Kati ya mwaka 1969 na 1970 homa ya ini iliingia kwenye kitengo cha kusafishia figo huko Edinburgh, ikaua wagonjwa na watumishi pia, wakiwemo madaktari. Protini ya kirusi hiki ilikuwa imegunduliwa muda mfupi kabla, kwenye miaka ya 1960, na Baruch Blumberg, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1976. Chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 1981, ikitengenezwa kutokana na damu ya watu wenye maambukizi, jambo lililowatia hofu wengi ijapokuwa ilisafishwa vizuri. Mwaka 1986 ikaja inayotengenezwa kwa hamira, na hiyo ndiyo tunayotumia hadi leo. Haina kirusi ndani yake, na haiwezi kukupa ugonjwa. Marekani ilipowalazimisha waajiri mwaka 1991 kuwapa watumishi chanjo hii bure, idadi ilikuwa imeshaanza kushuka. Maambukizi mapya ya watumishi wa afya nchini humo, yaliyokadiriwa kuzidi 10,000 mwaka 1983, yalishuka hadi kama 400 mwaka 1995. Ni chanjo chache za watu wazima zenye rekodi ya namna hiyo.

Turudi kwenye dozi zako mbili. Usianze upya. Ratiba ya kawaida ni siku ya kwanza, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita, lakini ikikatika unaendelea ulipoishia, hata ikiwa ni miaka minne. Kinachoharibu ratiba ni kufupisha nafasi kati ya dozi. Kuirefusha hakufuti kazi iliyokwisha kufanyika. Chembe za kumbukumbu zilizoundwa na dozi mbili za kwanza bado zipo, na ya tatu itazikuta. Anayekwambia uanze moja anakuharibia miezi sita ambayo unaweza kuwa umeshakingwa.

Ila dozi ya tatu bado haijakuhakikishia kitu, na hapa ndipo nataka usome polepole. Katika kila watu wazima 100 wenye afya wanaomaliza dozi tatu, kati ya watano na kumi hawatengenezi kinga ya kutosha. Wanapata mihuri yote mitatu kwenye kadi, wanatembea wodini kwa kujiamini, na damu yao haina kitu. Waliovuka miaka 40, wavutaji sigara, wenye uzito mkubwa, wenye kisukari, wenye matatizo ya figo au VVU wako kwenye hatari zaidi ya kuangukia kundi hilo. Kuna na uzembe wetu sisi tunaochanja: chanjo hii huchomwa kwenye msuli wa bega, na anayeichoma takoni huiacha kwenye mafuta ambako mwili huipokea vibaya. Vilevile haivumilii kuganda. Chupa iliyogusana na barafu ikaganda kisha ikayeyuka huonekana kama nyingine yoyote, lakini ukiitikisa na kuiweka mezani, vipande vyake huzama chini upesi. Hiyo ni ya kutupa. Nakueleza wewe kwa sababu kesho ni wewe utakayemchanja mwenzako.

Njia ya kujua ni moja, kupima anti-HBs, yaani kingamwili zinazokukinga, mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya mwisho. Kwenye karatasi ya majibu utaona namba na kipimo chake, mIU/mL. Ikiwa 10 au zaidi, umekingwa, uitunze karatasi hiyo pamoja na cheti chako cha kazi. Chini ya 10, unarudia dozi tatu na kupimwa tena. Wengi wa waliokosa mara ya kwanza huitikia ya pili. Anayemaliza dozi sita bila kuitikia apimwe HBsAg na anti-HBc, kwani baadhi yao kumbe waliambukizwa siku nyingi. Asiye na maambukizi anaendelea na kazi yake akijua kwamba kila atakapochomwa na sindano ya mtu mwenye homa ya ini B, kinga yake ni imunoglobulini, mara mbili, kwa nafasi ya mwezi mmoja.

Kwako kuna angalizo. Ukipewa imunoglobulini leo, kingamwili hizo za kuazima zitaonekana kwenye kipimo na kukudanganya kuwa ni zako. Ngoja miezi sita hivi ndipo upime anti-HBs. Na usikubali mtu akupime leo, aone namba nzuri, akuambie huna haja ya dozi ya tatu. Namba 10 inaaminika kwa aliyekamilisha dozi zote.

Hili linanifikisha kwenye ile miaka mitano. Wanaosema hivyo wameona jambo la kweli wakalitafsiri vibaya. Kingamwili hupungua kadiri miaka inavyokwenda, na mtu aliyekuwa na 400 anaweza akapimwa baada ya miaka kumi akakutwa na 4. Kinga yake haijafa. Kumbukumbu ya mwili ni kama mlinzi anayeijua sura ya mwizi: hata akiwa amesinzia, akimwona anaamka. Kirusi hiki huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta ugonjwa, muda unaotosha mwili kutengeneza kingamwili upya. Watu waliofuatiliwa kwa miaka 30 bado walikuwa wamekingwa. Aliyewahi kuandikiwa 10 au zaidi baada ya kukamilisha dozi, na ana afya ya kawaida, hahitaji nyongeza hata akichomwa leo. Wanaohitaji kupimwa mara kwa mara ni wanaosafishwa figo na wale ambao kinga yao ya mwili imedhoofika.

Tazama sasa kwa nini nimesisitiza mwezi mmoja hadi miwili. Ukipima baada ya miaka kumi ukakuta 4, huwezi kujua kama uliitikia ukashuka au hukuitikia kabisa. Watumishi wengi wako hapo, na dawa yake ni kupewa dozi moja na kupimwa tena baada ya mwezi. Namba ikipanda, kumbukumbu ilikuwepo. Isipopanda, anamalizia mbili zilizobaki.

Kuna hofu nyingine ambayo hukuiandika, lakini wengi huikimbia hospitali kwa ajili yake: je, nikipimwa leo nikakutwa na HBsAg? Basi fahamu kwamba haikutoka kwenye sindano hii. Baada ya kuambukizwa, HBsAg huanza kuonekana kwenye damu kwa kawaida kati ya siku 30 na 60. Kuonekana siku ya sita maana yake ulikuwa nayo tangu zamani, mara nyingi tangu utotoni, na usingeijua. Mtoto mchanga akiambukizwa, tisa kati ya kumi hubaki na kirusi maisha yote. Mtu mzima mwenye afya, chini ya watano kati ya 100. Damu ya leo ni ushahidi wako pia: kama leo huna na baada ya miezi sita unayo, hakuna mwajiri atakayekuambia uliitoa nyumbani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 waliishi na homa ya ini B sugu, na wamo wauguzi na madaktari wanaofanya kazi kila siku. Zipo dawa kama tenofovir zinazokibana kirusi vizuri. Muuguzi mwenye maambukizi anaendelea kuchoma sindano, kutoa dawa na kufunga vidonda kwa tahadhari zilezile za kila mtu. Wanaowekewa masharti ni wale ambao mikono yao hufanya kazi ndani ya mwili wa mgonjwa kando ya sindano au mfupa uliovunjika, na hata hao huruhusiwa kiwango cha kirusi kikishashushwa.

Usisubiri macho yawe ya njano ndipo uamini. Dalili, zikija, huja kwa wastani siku 90 baada ya kuambukizwa: uchovu usioeleweka, kukosa hamu ya kula, mkojo mweusi kama chai ya rangi. Zaidi ya nusu ya watu wazima hawaoni chochote. Kwa hiyo rudi upimwe HBsAg na anti-HBc baada ya miezi sita hata ukijisikia mzima kabisa.

Kuhusu ulichofanya pale pale: kukamua hakusaidii, na huumiza nyama bure. Spiriti haina ushahidi, na jiki ni hatari kwa kidonda. Sabuni na maji yanayotiririka yanatosha. Jicho, maji safi kwa wingi. Na kurudishia kifuniko uache kuanzia leo. Najua kwa nini watu hufanya hivyo. Boksi la kutupia sindano liko mwisho wa wodi, wewe uko kitanda cha mwisho upande mwingine, na huwezi kutembea na ncha wazi katikati ya ndugu wa wagonjwa. Basi boksi ndilo liende kitandani, kwenye toroli lako, na lifungwe likifika robo tatu badala ya kushindiliwa. Mlazimishe msimamizi wako alione hilo kama sehemu ya ajali yako. Mkishamaliza, mwulizeni mfanya usafi wa wodi kama amechanjwa. Yeye huchomwa kupitia mfuko wa taka, na sindano ya kwenye mfuko haina jina la mgonjwa wa kumpima, ila orodha ya chanjo ikibandikwa ukutani jina lake huwa halipo.

Mwisho, mke wako. Miongozo haimtaki mtumishi aliyechomwa abadilishe maisha ya ndoa wakati anasubiri majibu, na hatari kwa mkeo kwa sasa ni ndogo sana. Kama mgonjwa atakutwa na HBsAg na nyinyi wawili mngelala kwa amani zaidi mkitumia kondomu hadi majibu ya miezi sita, hakuna ubaya. Kuchangia damu ndiko usifanye mpaka majibu hayo yatoke. Yeye mwenyewe apimwe HBsAg kliniki, kama anavyotakiwa kila mjamzito bila kujali mumewe anafanya kazi gani; kama hana maambukizi wala kinga, anaweza kuchanjwa akiwa mjamzito, na hata akiwa ananyonyesha. Mtoto akizaliwa, ulizeni dozi yake ya kwanza ndani ya saa 24.